Shajara za Mfuko wa Salfa

Katika ualimu wangu nimehudhuria semina nyingi, na karibu zote nimetoka na kalamu, mkoba wa bure na usingizi. Ile ya Ruangwa ilikuwa tofauti kwa jambo moja: ilikuwa na wazo zuri. Ndiyo maana nilijua mapema kwamba tutaliharibu.

Tulikusanywa walimu wa sayansi wa sekondari kutoka Nachingwea na Ruangwa, tukawekwa kwenye ukumbi wenye mapangaboi mawili, moja likizunguka na jingine likitazama. Mwezeshaji alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyevaa raba nyeupe, na vumbi la Ruangwa lilikuwa limeshazihukumu kabla hajafika mlangoni. Alisema kila mwanafunzi awe na shajara yake ya kujifunzia, aitengeneze mwenyewe, na baada ya kila kipindi aandike humo alichoelewa, ambacho hajaelewa na swali alilobaki nalo. Mwalimu asome na ajibu humo humo. Mwisho wa mwaka atoe alama, si kwa uzuri wa mwandiko bali kwa kuangalia mtoto alianzia wapi, akakosea wapi, akafika wapi.

Nilikaa wima. Nilikuwa nimefundisha Baiolojia miaka mingi bila kujua kilichomo vichwani mwa watu waliokaa mbele yangu, na hapa mtu alikuwa ananionyesha mlango. Nikageuka kuona wenzangu wamelipokeaje. Mmoja alikuwa anauliza kwa uchungu wa kweli kama chakula cha mchana kitakuwa na nyama. Mwingine, mwalimu wa taaluma wa shule yetu, mtu mwenye kalamu nne mfukoni mwa shati na hakuna hata moja aliyowahi kuiandikia fikra yake, alinyoosha mkono akamwomba kijana arudie maana ya shajara polepole ili tuinakili. Kijana akarudia. Ukumbi mzima ukainama ukaandika, neno kwa neno, maelezo ya namna ya kumfanya mtoto aache kunakili. Nilicheka peke yangu, nikatazamwa kama mgonjwa.

Shule yetu iko Nachingwea, mahali ambapo nisingependa patambulike kwa urahisi, maana mkuu wake ningali namheshimu hadharani. Ni mtu anayependa chokaa. Kila tuliposikia kuna mgeni, mawe ya pembeni mwa njia yalipakwa chokaa upya, na naapa mawe yale yalioga kuliko watoto wa bweni. Ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na maandishi makubwa: Kuuliza si ujinga. Sijawahi kumwona mtu akiuliza kitu ndani ya ofisi ile akatoka na furaha.

Nilianza shajara na kidato cha pili. Sikuwa na madaftari ya kuwapa, na kwa bahati njema semina ilisema watoto watengeneze wenyewe. Walichana kurasa zilizobaki nyuma ya madaftari ya mwaka uliopita, wakazishona kwa nyuzi za viroba, wakazifunika kwa chochote walichookota. Wengi walitumia mifuko ya saruji. Wapo waliotumia maboksi ya sabuni. Msichana mmoja wa Marambo alishona jalada lake kutoka kwenye mfuko wa salfa, ile dawa ya unga wa njano tunayopuliza kwenye mikorosho, na hata baada ya kuufua, ulikuwa unanuka mpaka ukimwekea mtu mezani anapiga chafya.

Niliwaambia waandike kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ambayo wazo limekuja nayo. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Najua pia kwamba mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kimwera, sokoni Kiswahili, na Kiingereza anakutana nacho ubaoni tu kama askari wa barabarani, hawezi kukiri ujinga wake kwa Kiingereza. Atakiri nini, na hana hata neno la kukiria?

Huyu wa Marambo nitamwelezea, kwa sababu habari hii ni yake. Alikuwa amepanga chumba mjini na wenzake wawili, wanajipikia, wanarudi kwao likizo. Shamba la baba yake lilikuwa na mikorosho mikubwa iliyoanza kunyauka, tawi moja kwanza, halafu mti mzima, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Akaamua atasoma sayansi mpaka ajue. Mwisho wa kidato cha pili, shule huwagawa: wa sayansi huku, wa sanaa kule, na uamuzi ule mtoto wa mkulima haugeuzi tena maishani. Mwaka ule mkuu alitangaza kwamba alama ya shajara itahesabiwa kwenye kuchagua wa sayansi. Kwa hiyo shajara ile yenye harufu ndiyo iliyokuwa njia yake, na alijua.

Hakuandika vizuri. Aliandika kweli. Ukurasa wa kwanza niliousoma ulisema: sijaelewa kwa nini mbegu inahitaji hewa kama iko chini ya udongo. Uliofuata ulisema: Madam amenijibu lakini bado sijaelewa. Nikaanza kuogopa kusahihisha shajara yake, na sikuwa nimeogopa mwanafunzi tangu nianze kazi.

Halafu akaja na jambo la korosho. Huku kwetu mtu akitaka kupanda mikorosho anazimwaga mbegu kwenye ndoo ya maji: zilizozama anapanda, zilizoelea anatupa. Bibi yake alimfundisha hivyo, na mimi nilimwambia bibi yuko sawa. Yeye akaandika kwamba anakubali, ila hajui zilizoelea zina kosa gani. Akazipanda zote, zilizozama upande mmoja na zilizoelea upande mwingine, kwenye makopo nyuma ya chumba chake, akawa anachora kila alichokiona. Zilizozama ziliota karibu zote. Zilizoelea nyingi zilioza, lakini chache ziliota, dhaifu, zenye majani ya kusinyaa. Chini ya mchoro akaandika kwamba alidhani zilizoelea zimekufa, amekosea, nyingine zina uhai ila hazina chakula cha kutosha. Na sasa anataka kujua kama mti unaonyauka ulitokana na mbegu dhaifu au ulipata ugonjwa ukubwani. Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimesimama. Walimu wengi hustaafu hawajawahi kukabidhiwa ukurasa kama ule, na mimi nilikabidhiwa ukinuka salfa.

Mwezi wa saba tukaambiwa wageni wa tathmini watakuja kuona shajara. Chokaa ikatoka stoo. Mkuu akaniita na kuniambia nipeleke shajara ofisini azione kwanza. Alizigusa kwa ncha za vidole. Akafungua moja, akafungua ya pili, akafika kwenye ile ya salfa, akapiga chafya, akasoma, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la nguo.

"Madam, humu wanafunzi wameandika hawajaelewa."

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mtoto, kama mwanafunzi hajaelewa maana yake mwalimu amefanya nini. Nikamweleza habari ya semina. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mstaarabu, kisha akasema wageni hawatoki mbali kote huko kuja kusoma ujinga wetu. Funika kombe mwanaharamu apite, akasema. Shajara zote zinakiliwe upya kwenye kaunta buku safi, zenye jalada la kaki, na mwalimu wa taaluma ataandaa mfano.

Mwalimu wa taaluma alifurahi kama bwana harusi. Aliandika mfano wake ubaoni, kwa Kiingereza, kwa chaki ya rangi mbili. Ulisema kwamba leo nimejifunza juu ya uotaji wa mbegu, nimeelewa vizuri sana, nimefurahi, na namshukuru mwalimu wangu. Darasa likanakili. Siku iliyofuata akaandika mwingine wenye furaha ile ile kuhusu usanisinuru. Ukizisoma zile kaunta buku utaamini kwamba Nachingwea nzima hakuna kundi la watu lenye furaha kama kidato cha pili, na kwamba hufurahi wote siku moja, kwa maneno yale yale, pamoja na kosa lile lile ambalo mwalimu wa taaluma alilifanya kwenye mstari wa tatu. Kijana mmoja alifurahi sana tarehe ambayo alikuwa amelazwa kwa malaria.

Nilisimama nyuma ya darasa nikitazama. Naweza kuwasamehe watoto, wao wamefundishwa kutii kabla ya kufundishwa kuandika. Lakini mtu mzima aliyesoma chuo, aliyekaa ukumbini kule Ruangwa na kuandika kwa mkono wake kwamba shajara ni sauti ya mwanafunzi, halafu akasimama ubaoni kuwaandikia sauti hiyo, huyo simwelewi mpaka leo na sina hamu ya kumwelewa.

Msichana wa Marambo alinakili mstari mmoja akaacha. Aliniletea kaunta buku yake, jalada la kaki limekunjwa vizuri, ndani tupu. Hakuwa mtoto wa ubishi. Aliuliza kama mtu aliyekwama njia panda.

"Nikiandika nimeelewa, Madam, swali langu nitaliuliza wapi?"

Nikamwambia abaki na shajara yake ya salfa, mimi nitaibeba. Nilisema hivyo nikiamini kwamba wageni, wakiiona, wataijua. Sijui niliutoa wapi ujinga huo wakati nilikuwa nimeshakutana na wageni kabla.

Walikuja na gari la vioo vyeusi, wakapokewa kwa ngoma, wakasaini kitabu. Kaunta buku zilipangwa mezani kwa mstari kama sabuni dukani. Wageni walifunua, wakasifu mwandiko, wakasifu usafi. Mmoja alimuuliza kijana aliyechaguliwa kuzionyesha ni jambo gani mwaka huu lilimpa shida kuelewa. Kijana akajibu kwamba hakuna, ameelewa yote. Mgeni akampigia makofi. Nilitazama kama kuna mmoja wao ataona aibu, nikakuta wanaandika.

Ndipo nilipoiweka shajara ya salfa katikati ya meza. Nilisema hii ni ya mwanafunzi aliyefanya jaribio lake mwenyewe. Mama mmoja wa ule msafara, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, aliinyanyua, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema huu ndio ubunifu wanaoutaka, kutumia vitu vya mazingira yetu. Akamwita mwenye kamera. Jalada likapigwa picha juu ya meza, likapigwa picha mikononi mwa mkuu, likapigwa picha kifuani pa msichana aliyeitwa haraka kutoka darasani. Nilisubiri aifungue. Alipiga chafya, akacheka, akaomba maji ya kunawa, na kwa kuwa alikuwa ameshanawa, wakaona waende moja kwa moja kwenye kuku. Waliondoka na korosho za kubangua zilizofungwa vizuri. Ile shajara ilibaki mezani bila kufunguliwa hata ukurasa mmoja.

Mkuu wetu, kama nilivyosema, si mtu wa kuchelewa. Jumatatu iliyofuata alitangaza mstarini kwamba wageni wamependa majalada ya salfa, kwa hiyo kila mwanafunzi alete mfuko wa salfa afunike kaunta buku yake. Ilikuwa msimu wa kupuliza mikorosho, mifuko ilikuwa kila mahali, mingine unga bado umejaa kwenye mikunjo, na hakuna aliyekumbuka kusema ifuliwe. Wakaja nayo. Wakaishona. Kipindi cha kwanza wote walipozitoa na kuzipiga juu ya madawati, darasa likaanza kulia. Macho mekundu, makamasi, watoto wanakimbilia bombani. Mkuu aliingia kuona kelele ni za nini, naye akatoka akilia. Bado hakuondoa amri. Aliagiza zikaanikwe juani, na ndani ya majalada yale ya ubunifu ikaendelea kukaa ile furaha ya mwalimu wa taaluma.

Ningeweza kuishia hapo tukacheka. Lakini mwisho wa mwaka ulifika, na alama zikatakiwa.

Mimi nilimpa msichana alama ya juu kuliko wote. Mwalimu wa taaluma aliikata akaweka sifuri. Nilipomfuata alinieleza kwa subira kwamba shajara ya yule binti haifanani na za wenzake, haiwezi kulinganishwa, na kwamba kila ukurasa una neno sijaelewa. Je, tumpeleke sayansi mtu ambaye kwa mkono wake mwenyewe amekiri haelewi sayansi? Alikuwa hatanii. Aliamini amegundua kitu. Nikaenda kwa mkuu, nikamwuliza kwa nini picha ya jalada lake imetundikwa ukutani kama ndani mna sifuri. Akasema jalada ni jambo moja na taaluma ni jambo jingine. Akaongeza kwamba amemwita mzazi.

Baba yake alikuja kutoka Marambo kwa baiskeli, amevaa shati lililopigwa pasi na kofia mkononi. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi sote mle ofisini, lakini alitusalimia kana kwamba sisi ndio wazee wake. Mkuu alimkaribisha kiti, akamfunulia shajara, akamsomea. Hapa hajaelewa. Na hapa. Na hapa, baba, hata baada ya mwalimu kumjibu. Mzee alifuata kidole cha mkuu kwa makini, na kila kidole kiliposimama alishuka kidogo kwenye kiti. Kisha akanigeukia mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayepima neno kabla ya kulitoa.

"Mimi shule yangu iliishia la nne, mwalimu. Mtoto nimemleta hapa aelewe. Hivi vyote wewe ulikuwa unaviona?"

Nikajibu kwamba nilikuwa naviona.

"Ukamwacha?"

Nilianza kueleza. Nilieleza habari ya maswali, ya makopo, ya mbegu zilizoelea, nikasema binti yake ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha. Alinisikiliza kwa heshima yote, akiitikia kwa kichwa, na niliona wazi kwamba anasikia mwalimu aliyezembea akijitetea. Nilimchukia mkuu wakati ule kwa chuki safi, isiyo na hata tone la huruma. Alikuwa amemfanya mtu mwema aone haya kwa jambo ambalo ingempasa alitangaze kijijini kwao.

Mzee akauliza kama kuna njia. Mkuu, ambaye hupenda kuombwa, akasema ipo: binti anakili shajara safi kama wenzake, leo hii, na alama yake itafikiriwa upya, sayansi ataingia. Samaki mkunje angali mbichi, akasema. Mzee akashukuru. Alishukuru mara nyingi mno, mpaka nikatazama dirishani. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia maneno machache kwa Kimwera. Mimi nasikia Kimwera kidogo. Hakumgombeza. Alimwambia asimtie aibu, na kwamba mikorosho inaisha.

Binti akakaa kwenye meza ya pembeni mle mle ofisini akaanza kunakili kutoka kwenye kaunta buku ya mwenzake. Baba yake alisimama nyuma yake muda wote, kofia mkononi, akitazama mistari ya Kiingereza ikishuka, na uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo, maana aliona mwanawe anaandika bila kusita. Mwandiko wake kumbe ulikuwa mzuri. Alinakili uotaji wa mbegu, akanakili usanisinuru, akanakili furaha na shukrani, hata lile kosa la mstari wa tatu hakulirekebisha, ingawa najua aliliona, kwa sababu kalamu yake ilisimama pale kidogo kabla ya kuendelea.

Alipomaliza aliniletea kwa mikono miwili nisahihishe. Mkuu alikuwa amekaa, mzee amesimama, wote wananitazama. Nikaweka vema kila ukurasa, nikampa alama zote, nikasaini. Mzee akanishika mkono, akasema Mungu anilipe, sasa mtoto ameelewa.

Aliingia sayansi. Nimemfundisha kidato cha tatu chote na sasa yuko cha nne, anakaa dawati la mbele, daftari lake ni safi kuliko yote shuleni na mitihani anafaulu. Mkuu humtolea mfano mstarini. Kila nikimaliza somo nauliza kama kuna mwenye swali, na namtazama yeye, namsubiri mpaka wenzake wanaanza kugeuka. Anafunika kalamu yake, anaweka mikono juu ya daftari, na ananitazama vizuri tu, bila chuki, mpaka kengele inapigwa.